Penseli Chini ya Wino Mwekundu

Bungu,
14 Februari 2023

Mwanangu Yusta,

Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Barua yako ya Septemba niliipata mwanzoni mwa Oktoba, na tangu siku hiyo imelala ndani ya Biblia yangu. Ningeweza kusingizia kikohozi. Kikohozi kilinishika kweli, lakini kikohozi hakizuii mkono kuandika.

Marahaba. Sisi ni wazima. Mama yako mkubwa anasumbuliwa na goti, lakini shambani haachi kwenda. Maharage ya vuli yalikuwa mazuri. Baba yako Aron alipanda kutoka Mombo wakati wa Krismasi, akakaa siku mbili, akarudi kwenye biashara yake ya matunda. Amenenepa. Mwambie apunguze soda. Mimi hanisikilizi, ingawa ni kaka yake mkubwa.

Nakurudishia barua yako. Nimesahihisha makosa manne kwa wino mwekundu. Msomi wa chuo kikuu hapaswi kuandika kama mtu anayekimbilia basi.

Uliniuliza kuhusu daftari la hadithi la marehemu shangazi yako Jenoveva. Mimi sina daftari hilo. Hadithi zote zimo katika kitabu changu kilichochapwa mwaka 1981, nacho unacho. Soma hicho, kinatosha.

Ni mimi, Baba yako Mkubwa,
Sefania


Dar es Salaam,
20 Machi 2023

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Na Mama Mkubwa naye nampa shikamoo yake, na pole ya goti. Ahsante kwa masahihisho. Safari hii nimeandika polepole, tena mara mbili.

Huku joto ni kali mno. Mwanangu Happiness ameanza darasa la kwanza. Anajifunza kusoma kwa kitabu chako, na jioni moja alinikwamisha. Tulikuwa katika hadithi ya moto uliozimika kijijini, ambapo msichana anasuka kamba ya magome ili mtu apande mwamba kuleta moto mpya. Happiness akauliza, "Mama, mbona dada ndiye aliyesuka kamba, halafu aliyepanda ni kaka?" Nikamwambia alale.

Baba Mkubwa, hilo swali la mtoto ndiyo tasnifu yangu. Nachunguza hadithi za milima yetu zinasema nini juu ya mwanamke na mwanamume, juu ya rangi ipi iitwe nzuri, na juu ya nani aruhusiwe kuishi na nani, na kijiji kikamwona kuwa mtu kamili. Nalinganisha hadithi zilizochapwa na zile zinazosimuliwa. Mwaka jana nilikaa na wanawake wazee kule juu ya Soni, kwenu mlikozaliwa. Nikawasomea hadithi ya moto kutoka kitabuni. Bi Secilia akanikatiza: "Huyo kaka ni wa kitabu. Ya kwetu msichana anapanda mwenyewe. Kaka hayumo. Ametoka wapi?"

Mwenzake akajibu, "Ametoka shuleni!" Wakacheka hadi mmoja akapaliwa na chai.

Walisema hadithi hizo walizipata kwa shangazi Jenoveva, enzi za kubeba mizigo ya mboga na matunda kushuka nayo sokoni Mombo kwa miguu. Yeye alisimulia, wao walitembea. Nani basi alizibadilisha? Natakiwa kukabidhi tasnifu mwishoni mwa Aprili mwakani. Bila daftari nina kisio tu, na msimamizi wangu amesema kisio si ushahidi.

Likizo ikifika nakusudia kwenda Lushoto kumwona Bi Mwanaisha, aliyekuwa akiishi na marehemu shangazi. Kama lipo, litakuwa kwake.

Mwanao,
Yusta


Bungu,
2 Mei 2023

Yusta,

Marahaba. Mvua haijakata siku kumi na mbili. Barabara ya Korogwe imemeguka mahali pawili, na barua hii itasubiri gari.

Usiende Lushoto. Mwanaisha ni mzee, na yaliyokuwa ndani ya nyumba ile ni yake na ya marehemu. Si kila kitu kilichoandikwa ni mali ya chuo kikuu.

Hao wanawake wa Soni wamezeeka. Wazee husahau.

Barua yako haikuwa na makosa.

Sefania


Dar es Salaam,
27 Agosti 2023

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Naanza kwa kuomba radhi, kwa sababu nilikwenda. Uliniandikia nisiende na nikakuasi, nami sitasema kwamba barua ilichelewa. Ilifika kabla sijaondoka.

Baba hajambo. Nilipita kwake Mombo na nikamfikishia neno lako la soda. Alinisikiliza akiwa ameishika mkononi.

Bi Mwanaisha anaishi katika nyumba ileile nyuma ya soko. Cherehani iko dirishani, ingawa siku hizi anashona marinda ya shule tu, macho yamepungua. Nilimkuta na mteja aliyetaka nguo ya harusi kwa Ijumaa. "Ijumaa ya mwaka gani?" akamwuliza. Mimi akanitazama tangu kichwani hadi miguuni, akasema, "Wewe ni wa kwao. Una paji la uso la Jenoveva. Mwalimu amekutuma?"

Nikasema hapana, Mwalimu amenikataza.

"Basi keti. Angekutuma ningeshangaa."

Nililala siku tatu. Ukutani kuna picha moja tu ya shangazi na yeye, wamesimama mbele ya mlango, shangazi ameshika ufagio kama askari aliyeshika bunduki. Bi Mwanaisha alinieleza kwamba yeye ni mwenyeji wa Pangani, alikuja Lushoto kwa mjomba wake aliyekuwa karani, na akapanga chumba kwa shangazi mwaka 1974. Wakakaa pamoja miaka arobaini na mitano. Nilimwuliza watu walikuwa wakisemaje. Akasema, "Watu walikuwa wakileta nguo." Nikamwuliza wao wenyewe walikuwa wakiitanaje. Akaendelea kushona pindo, kisha akasema, "Yeye akiniita mtu wangu. Andika hivyo hivyo, usiniongezee jina jingine." Nimeandika hivyo hivyo.

Siku ya tatu alifungua droo ya cherehani, akatoa daftari. Baba Mkubwa, liko. Kila ukurasa una mwandiko wa shangazi kwa wino wa buluu, na juu yake masahihisho kwa wino mwekundu. Mwandiko mwekundu ni uleule ulio kwenye barua yangu ya Septemba.

Na pembezoni kuna maandishi mengine, ya penseli. Bi Mwanaisha aliniruhusu kutoa nakala kwa sharti moja: penseli aisome Mwalimu kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo niliyafunika kwa karatasi nilipokuwa nikisoma hadithi. Nakala zote nimeziweka humu. Unakosekana ukurasa wa mwisho tu, huo hakuutoa. Alisema, "Huo utabaki hapa. Anayeutaka anajua njia."

Sitaandika neno lolote la daftari hili bila idhini yako. Ukisema hapana, nitatafuta mada nyingine.

Mwanao,
Yusta


Bungu,
9 Novemba 2023

Mwanangu Yusta,

Marahaba. Goti la mama yako mkubwa lina nafuu. Paa la kanisa limekamilika. Tumepanda maharage, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Bahasha yako ilikaa mezani wiki sita bila kufunguliwa. Mama yako mkubwa alikuwa akiipangusa vumbi kila asubuhi pamoja na meza. Siku moja akasema, "Mwalimu, au tuipande kama mbegu?" Nikaifungua.

Nakuandikia ukweli, nao nauandika mara moja, bila rasimu.

Mwaka 1979 mchapishaji mmoja alinitaka nikusanye hadithi kumi za milimani kwa ajili ya watoto wa shule. Nilikubali kwa majivuno, kisha nikagundua kwamba sina hata moja. Wanaume wa nyumba yetu hatukubeba mizigo kwenda Mombo. Hadithi zilikuwa zikisafiri na mizigo, na mizigo ilikuwa vichwani mwa wanawake. Nikamwomba dada yangu. Aliziandika kwa wiki tatu, usiku, baada ya kazi zake, akaniletea daftari.

Ningependa kukuambia kwamba mchapishaji aliniamuru kuzibadilisha. Hakuna aliyeniamuru. Nilishika kalamu nyekundu kama nilivyoishika kwa kila daftari lililofika mezani pangu, na sikujiuliza kama hili nalo lilihitaji kusahihishwa. Msichana alipopanda mwamba, nikamtia kaka yake. Alipokuwa mweusi kama chungu kilichokolea moshi, nikamfanya mweupe kama mbalamwezi. Vitabu vyote nilivyosomea vilikuwa na wasichana weupe. Mama yetu alikuwa akifua nguo za Mzungu mmoja mwenye shamba karibu na Lushoto, na alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma. Nilijua mapema sana mlango wa mbele ulikuwa wa rangi gani.

Hadithi ya mwisho ilikuwa ya wanawake wawili waliojenga nyumba mahali njia mbili zinapokutana. Mmoja alipika leo, mwenzake kesho, na kila msafiri alikula. Hakuna aliyekuja kuwaoa, nao hawakumngoja mtu. Hadithi ikaishia hapo. Nami chini yake niliandika kwa wino mwekundu: "Mwisho uko wapi? Waolewe." Nilijua ninaandika juu ya nani. Watu walikuwa wameanza kuniuliza yule mshonaji ni nani kwa dada yangu, nami nilikuwa nikijibu, "Ni mpangaji." Hadithi hiyo sikuitia kitabuni kabisa, na kwenye jalada nikaweka jina langu peke yake.

Nilimrudishia daftari. Baada ya miezi michache alikuja nalo Bungu, akalishika hivi kifuani, akasema, "Kaka, nimekujibu humu." Nikamwambia kwamba kitabu kimekwisha kwenda kuchapwa. Hakubishana. Alikunywa chai, akamsaidia mama yako mkubwa kuchambua mchele, akaondoka na daftari lake. Alikuja kwangu mara nyingi baada ya hapo, katika misiba na arusi, na tulisemezana vizuri. Mimi kwake sikwenda hata mara moja. Niliogopa majibu yale. Miaka arobaini na mitatu, Yusta, nimeamini kwamba daftari lile lina laana yangu kwa mwandiko wa dada yangu. Tulipomzika mwaka 2019 nilisimama kaburini nikiwaza daftari.

Sasa nimesoma.

Pale nilipomtia kaka, ameandika kwa penseli: "Alikuwa wapi siku zote huyu? Kamba ni ya msichana, apande mwenyewe."

Pale kwenye mbalamwezi: "Mama yetu alikuwa na rangi gani, kaka?" Hapo niliweka karatasi chini, nikatoka nje, nikazunguka migomba.

Hadithi ya fisi na wajane nilikuwa nimeikata katikati kwa sababu niliiona ndefu. Ameandika: "Hii ilitufikisha Mombo. Ya kwako inaishia Soni, na mzigo bado uko kichwani." Sikujua, mwanangu. Kumbe hadithi zilipimwa kwa njia, urefu wake ulikuwa na kazi. Nimefundisha miaka thelathini na mitatu na hilo sikulijua.

Pahali pengine: "Kaka alikuwa na njaa alipofika hapa, mwandiko umelala." Ni kweli, umelala.

Na ndani ya jalada la nyuma, kwa herufi kubwa safi kama zangu: "Sefania. 12/20. Mwandiko mzuri. Asikilize zaidi."

Nilicheka. Mama yako mkubwa alikuja mbio akidhani nimepatwa na kikohozi. Nilicheka na machozi yakanitoka, nikashindwa kumweleza, nikampa karatasi asome mwenyewe. Akasema, "Amekupendelea. Mimi ningekupa tisa." Hapakuwa na laana, Yusta. Palikuwa na dada yangu tu, amekaa pembezoni mwa ukurasa, ananingoja nimalize kusahihisha.

Andika tasnifu yako. Andika kwamba hadithi ni za Jenoveva, na kwamba aliyezibadilisha ni mimi, na utaje jina langu kamili. Wakiniuliza kanisani nitawajibu.

Ila ukurasa wa mwisho si wangu kuutolea idhini.

Baba yako Mkubwa,
Sefania


Dar es Salaam,
15 Januari 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama Mkubwa. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama pale posta, na karani akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimepata.

Happiness nimemsimulia hadithi ya moto upya. Sasa anapanda meza, kabati na shingo ya baba yake.

Sura tatu zimekamilika. Ya nne inahusu ile hadithi ya nyumba ya njia panda, nami sitaki kuiandika kwa kumbukumbu yako peke yake. Nilimpigia simu Bi Mwanaisha. Alisema, "Nilikwisha kukuambia. Anayeutaka anajua njia," akakata.

Nadhani hakuwa akisema na mimi.

Yusta


Lushoto,
18 Machi 2024

Mwanangu Yusta,

Marahaba. Ona mahali nilipoandikia, usidhani ni kosa.

Niliondoka Bungu Alhamisi alfajiri. Mama yako mkubwa alinifungia ndizi na kuniambia nisirudi kabla ya kumaliza shughuli. Nilishukia Mombo, baba yako akataka kunisindikiza, nikamkatalia. Nilipokuwa nikipanda kuelekea Soni nilijaribu kuikumbuka hadithi ya fisi na wajane yote, pamoja na sehemu niliyoikata, nione kama kweli inatosha njia. Kwa gari haitoshi; gari linakwenda mbio mno.

Nilifika mlangoni saa tisa. Nyumba niliitambua kwa picha uliyonieleza, maana ufagio ungali pale pale. Mwanaisha alikuwa cherehanini. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Karibu, shemeji," akasema. Kisha akanitazama usoni, anangoja.

Sikulisahihisha neno hilo. Nikasema, "Ahsante. Nimechelewa."

"Si sana. Miaka arobaini na minne tu. Keti, ila chai sikupi, ni Ramadhani. Ukiona kiu, maji yale pale, wewe hufungi."

"Ni Kwaresima," nikamwambia. "Tutangoja wote."

Akacheka. "Jenoveva alikuwa akisema hivyo hivyo. Halafu namkuta jikoni anaonja mchuzi."

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Bungu, nikayasahau yote, nikasema tu kwamba niliandika neno moja jekundu ambalo sikupaswa kuliandika, na kwamba nilimwita mpangaji. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Kodi ya mwezi wa kwanza nililipa kweli. Hapo hukudanganya." Kisha akafungua droo.

Yusta, nimeuona ukurasa wa mwisho. Liko swali langu: "Mwisho uko wapi? Waolewe." Neno la pili halikufutwa wala halikujibiwa. Dada yangu amelipigia mstari mmoja mwembamba chini yake, kama tunavyofanya kwa kosa ambalo mwanafunzi ataliona mwenyewe. Swali la kwanza ndilo alilolijibu. Ameandika: "Njoo Jumapili ule nasi, utauona."

Hilo ndilo lililokuwamo siku ile alipolishika daftari kifuani akinywa chai yangu. Alikuwa amenialika chakula.

Nilikaa katika nyumba ya wageni ya kanisa hadi Jumapili. Asubuhi nilikwenda ibadani, na jioni nikaenda kwao. Tulikaa mbele ya viazi vitamu na magimbi ya nazi tukingoja magharibi kama watoto. Aliandaa sahani tatu, akaitazama ya tatu, akasema, "Mkono umezoea," akairudisha kabatini. Adhana ikalia, akanipa tende. Tulikula. Nilikuwa mwalimu wa kila mtu katika milima hii, na sijui kama nimewahi kujisikia mwepesi hivi tangu siku niliyoacha kazi.

Baada ya chakula nikamwuliza habari ya sura yako ya nne. Hapo hakucheka. Alisema hadithi ile si ya Jenoveva peke yake. Nusu aliisimulia yeye akiwa anashona, na mwenzake akaandika. Ikichapwa inapaswa kubeba majina mawili, na jina la pili lina mwenyewe aliye hai. "Huko chuoni mtaisoma mkiwa mbali," akasema. "Mimi hapa ndipo ninaponunua mkate." Nikamwambia kwamba ni kweli. Sikumsihi, na wewe usimsihi. Nimeamua mambo ya wanawake hawa mara moja maishani mwangu, na ilikuwa mara moja zaidi ya haki yangu.

Ameomba muda. Anasema Pasaka ipite, na Idi ipite. Sikukuu hizo mbili alizoea kuzipika na mtu, na anataka kuuliza kila moja inasemaje. Hayo yatakuwa kabla ya tarehe yako, lakini kwa wiki chache tu. Akikataa, sura ya nne itakuwa fupi, na ukurasa utabaki katika droo pamoja na nyuzi, nawe utaiandika sababu kwa heshima. Akikubali, majina yote mawili yaandikwe kwa ukubwa ule ule.

Mimi ninarudi Bungu kesho kumweleza mama yako mkubwa, kisha nitapanda tena Lushoto baada ya Idi. Nimealikwa Jumapili, na safari hii nimeuliza saa.

Siku Mwanaisha atakapoamua, liwe lolote, nitaketi pale pale mezani kwake na kukuandikia kabla sahani hazijaoshwa.

Baba yako Mkubwa,
Sefania